MAISHA YA SOICHIRO HONDA, MWANA WA MHUNZI

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika mji wetu wa Sumbawanga, na katika vijiji vyote vya uwanda wa Ufipa, hapana mtoto asiyeijua pikipiki. Ndiyo impelekayo mgonjwa zahanati, ndiyo iwashushayo watu Muze katika bonde la Rukwa na kuwapandisha tena mlimani, na ndiyo ichukuayo gunia la mahindi kwenda mashineni. Jina la Honda nalo si geni kwetu, maana tunaliona limeandikwa juu ya pikipiki, pampu za maji na majenereta. Lakini wengi wetu hudhani kuwa ni jina la kiwanda tu. Kweli ni la kiwanda, lakini kabla ya hapo lilikuwa jina la mtu, mwana wa mhunzi wa kijijini, na kazi iliyomfanya ajulikane duniani aliianza kwa kutia injini ndogo katika baiskeli.

Nimechagua kueleza maisha yake kwa sababu liko jambo linalobishaniwa sana mabwenini, hasa mwaka wa mtihani unapofika, nalo ni hili: je, kimfaacho mtu zaidi ni kitabu au ni mkono? Wale washikao upande wa mkono hupenda kumtaja Bwana Honda kuwa shahidi wao, kwa kuwa alipata utajiri mkubwa bila cheti. Msomaji akizifuata habari hizi mpaka mwisho, ataweza kuamua mwenyewe kama shahidi huyo ni wao kweli.

UTOTO WAKE

Soichiro Honda alizaliwa tarehe 17 Novemba, 1906, katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu, nchini Japani. Baba yake, Mzee Gihei, alikuwa mhunzi, na mama yake, Bibi Mika, alikuwa hodari wa kufuma nguo. Nyumba yao haikuwa ya kitajiri.

Sisi wa Ufipa hatuhitaji kufundishwa mhunzi ni mtu gani. Wazee wetu walijenga kwa udongo matanuri marefu kupita kimo cha mtu, yaitwayo malungu, wakayajaza makaa na mawe yenye chuma, na matanuri hayo yalivuta hewa yenyewe bila kuvukutwa. Kisha chuma kilichopatikana kikatiwa katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, kikasafishwa kwa moto wa mivukuto, ndipo mhunzi akapata kufua majembe, mashoka na mikuki. Mabaki ya malungu yapo mpaka leo katika nchi yetu. Basi mtoto Soichiro naye alikua akisikia sauti ya nyundo na kuona cheche, na vitu vyake vya kuchezea vilikuwa mabaki ya chuma yaliyoanguka chini ya fuawe la baba yake.

Baadaye Mzee Gihei aliona kuwa baiskeli zinaongezeka nchini, akaanza kununua baiskeli mbovu, akazitengeneza na kuziuza kwa bei nafuu. Kwa hiyo kijana wake alijua spoki, mnyororo na tairi tangu utotoni.

Shuleni hakusifiwa sana. Alipenda masomo ya vitendo, lakini kuandika kulimchosha. Iko hadithi moja ya utoto wake ambayo Wajapani wanaipenda. Desturi ya shule ilikuwa kwamba karatasi ya maendeleo ipelekwe nyumbani, mzazi aione na kuipiga muhuri wa jina lake, kisha irudishwe kwa mwalimu. Soichiro alijua kuwa alama zake hazimfurahishi mzazi, basi akachukua mpira wa pedeli ya baiskeli, akachonga muhuri wa jina la Honda na kuipiga karatasi mwenyewe. Hila hiyo ikafaulu. Wenzake walipopata habari wakamwomba awachongee na wao, naye akakubali, na hapo ndipo alipokamatwa. Sababu ni hii: katika maandishi ya Kijapani, jina la Honda lina herufi mbili ambazo upande wa kulia na wa kushoto zinafanana, hata ukilichonga bila kuligeuza litasomeka sawasawa. Majina ya wenzake hayakuwa hivyo, yakatoka kinyumenyume kama maandishi yaliyotazamwa katika kioo. Alipata adhabu iliyomstahili.

Mwaka 1917, alipokuwa na miaka kumi, alisikia kuwa rubani wa Kimarekani, Art Smith, atarusha eropleni mjini Hamamatsu. Soichiro alichukua fedha kidogo nyumbani bila ruhusa, akachukua na baiskeli ya baba yake, akaenda safari ya kilomita 20 hivi. Baiskeli ilikuwa kubwa kuliko yeye, hata ikambidi apenyeze mguu mmoja katikati ya fremu, kama wafanyavyo watoto wa huku wapelekwapo mashineni na baiskeli za baba zao. Alipofika, kiingilio kilizidi fedha alizokuwa nazo. Hakurudi nyumbani, alipanda juu ya mti akaitazama eropleni kutoka huko.

KAZI YA GEREJI

Mwaka 1922 alimaliza shule, na akiwa na miaka 15 alikwenda Tokyo kuwa mwanagenzi katika gereji ya motokaa iliyoitwa Art Shokai. Alitazamia kushika spana siku ya kwanza, lakini kazi aliyopewa ilikuwa kumbeba mgongoni mtoto mchanga wa bwana mwenye gereji, na kufagia. Miezi ikapita hivyo. Alifikiri kutoroka, lakini akavumilia, na huku amembeba mtoto akawa anawatazama mafundi jinsi wanavyofungua na kufunga injini.

Tarehe 1 Septemba, 1923, tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Tokyo, na moto uliofuata ukaunguza sehemu kubwa ya mji. Mafundi wengi wakarejea makwao. Soichiro alibaki, na kwa uchache wa watu akapewa kazi za mafundi wakubwa. Mwaka 1928 bwana wake alimwamini hata akamruhusu kufungua tawi la gereji hiyo huko Hamamatsu. Gereji ilistawi. Alivumbua spoki za chuma za magurudumu ya motokaa badala ya zile za mti, akapata faida nzuri, na mwaka 1935 akaoa mke, Bibi Sachi, aliyekuwa mwalimu. Alipenda mno mashindano ya motokaa, na mwaka 1936 alipata ajali mbaya mashindanoni, yeye pamoja na mdogo wake.

ALIPOSHINDWA KWA KUKOSA ELIMU

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo wapendao kumtaja Bwana Honda huiruka. Kutengeneza vitu vya watu wengine kulimchosha. Alitaka kuunda kitu chake. Akachagua kutengeneza ringi za pistoni. Ringi ni kitu kidogo tu cha chuma kama bangili, huzunguka pistoni ili moshi na moto usipenye kati ya pistoni na silinda. Lakini kitu hicho kidogo kina mashaka mengi. Kikiwa kigumu mno huvunjika na kukwaruza silinda, na kikiwa laini mno huisha upesi na injini ikapoteza nguvu.

Honda alikesha usiku mwingi katika karakana, akiyeyusha na kumimina chuma, na kila ringi aliyotoa haikufaa. Ujuzi wote wa mikono aliokuwa nao, wa mwana wa mhunzi na fundi wa gereji, haukumwonyesha kosa liko wapi. Mwishowe alikwenda kwa mwalimu wa chuo cha ufundi cha Hamamatsu. Ringi zake zikapimwa, naye akaambiwa kuwa chuma chake kina upungufu wa silikoni. Hakuwa hata amefahamu kwamba kitu hicho kinahitajiwa.

Hapo mtu huyu mwenye miaka zaidi ya 30, mwenye mke na gereji yenye sifa, alijiandikisha chuoni akakaa darasani pamoja na vijana. Alisikiliza kwa bidii masomo yahusuyo madini, lakini mengine hakuyajali, wala hakufanya mtihani. Kwa hiyo chuo kilimwondoa bila cheti. Hata hivyo, alichokifuata alikuwa amekipata. Alipopeleka ringi 50 kwa kampuni ya Toyota, tatu tu ndizo zilizokubaliwa. Akaendelea kujifunza, akatembelea vyuo na viwanda vya chuma katika sehemu nyingine za Japani, mpaka kampuni yake iliyoitwa Tokai Seiki ikaweza kuiuzia Toyota ringi kwa wingi.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Viwanda vyake vilipigwa mabomu, na tetemeko la ardhi la tarehe 13 Januari, 1945, likaangusha kile cha mji wa Iwata. Vita vilipokwisha aliiuzia Toyota kampuni ile kwa yen 450,000, akakaa karibu mwaka mzima bila kufanya kazi maalumu.

INJINI KATIKA BAISKELI

Japani ya mwaka 1946 ilikuwa nchi yenye njaa. Mabasi na magari ya moshi yalijaa mno, petroli ilitolewa kwa kipimo, na watu walikwenda vijijini kwa baiskeli kutafuta chakula. Bibi Sachi naye alikuwa katika watu hao. Siku moja Bwana Honda aliona kwa rafiki yake injini ndogo iliyotumiwa na jeshi wakati wa vita kuendesha jenereta ya simu ya upepo. Vita vimekwisha, injini haina kazi tena. Akafikiri kuwa injini ile ikifungwa katika baiskeli, mkewe hatapata taabu ya kukanyaga pedeli.

Kwanza aliifunga mbele, juu ya gurudumu la mbele, na kuifanya izungushe gurudumu kwa kulisugua tairi. Njia hiyo ni rahisi, lakini matairi ya siku zile yalikuwa hafifu, yakaisha upesi. Basi akaihamishia katikati ya fremu, nayo ikavuta gurudumu la nyuma kwa mkanda. Tangi la mafuta hakuwa nalo, akachukua chupa ya bati ya maji moto, ambayo Wajapani huitia kitandani wakati wa baridi. Mtu yeyote aliyelala bwenini hapa Ufipa mwezi wa Juni atafahamu faida ya chupa hiyo, lakini Honda aliitia mafuta.

Aliyeijaribu mbele ya watu ni Bibi Sachi. Kwa kuwa alijua atatazamwa, alivaa suruali yake iliyo nzuri kuliko zote, akapita katikati ya mji. Aliporudi, suruali ilikuwa imelowa mafuta, maana kabureta ilikuwa ikiyarusha nyuma. Alimlalamikia mumewe, naye akairekebisha kabla ya kumwuzia mtu mwingine. Injini ilikuwa ya mipigo miwili, na mwendeshaji alipaswa kukanyaga pedeli kwanza mpaka iwake. Kwa kuwa petroli ilikuwa adimu, ilichanganywa na mafuta yaliyokamuliwa katika mizizi ya misunobari, na kila baiskeli ilipopita ilinuka msunobari.

Habari zikaenea, wanunuzi wakaja kutoka miji ya mbali, na injini zile za jeshi, kiasi cha 500, zikaisha zote. Mtu mwingine angefunga duka. Honda aliamua kuunda injini yake mwenyewe, na mwaka 1947 akatoa ile iliyoitwa Aina ya A. Nguvu yake ilikuwa nusu ya nguvu ya farasi mmoja, yaani pikipiki ya kukodi ya Sumbawanga ya leo inaishinda zaidi ya mara kumi na tano. Kwa ajili ya mlio wake Wajapani waliipa jina la batabata, kama sisi tulivyosikia mlio wa namna hiyo tukasema pikipiki.

Tarehe 24 Septemba, 1948, alianzisha Kampuni ya Honda, yenye wafanyakazi 34 na rasilimali ya yen milioni moja. Lakini injini zilipozidi nguvu, dosari nyingine ilionekana: fremu ya baiskeli imeundwa kwa nguvu ya miguu ya mtu, haiwezi kuchukua mtikisiko na mwendo wa injini kwa muda mrefu. Kwa hiyo mwaka 1949 alitoa pikipiki kamili, iliyoitwa Dream, yenye fremu yake ya chuma cha bamba. Vijana wenzangu wenye hamu ya kufunga injini ya pampu katika baiskeli zao wayafikirie sana mambo haya. Fremu na breki vitazamwe kabla ya injini, kwa kuwa breki iliyotosha kwa pedeli haitatosha kwa mtelemko wa Muze mtu akiwa na injini.

KUSTAWI KWA KAMPUNI

Mwaka huo huo wa 1949 Honda alipata mwenzake, Bwana Takeo Fujisawa, mtu wa biashara. Walikubaliana kuwa Honda atashughulika na mitambo na Fujisawa atashughulika na fedha. Muhuri wa kampuni alikabidhiwa Fujisawa, hata yule aliyechonga muhuri wa uongo utotoni hakuushika muhuri wa kweli ukubwani.

Mwaka 1952 walitoa tena injini ya kufunga katika baiskeli, iliyoitwa Cub, yenye kifuniko chekundu na tangi jeupe. Fujisawa aliwaandikia barua wenye maduka ya baiskeli nchi nzima, makumi ya maelfu, akiwaomba waiuze, na maelfu yao wakakubali. Hivyo biashara ya pikipiki ya Honda ilijengwa juu ya maduka ya mafundi baiskeli, watu wa kazi moja na Mzee Gihei.

Mwaka 1954 Honda alitangaza kuwa pikipiki zake zitashindana katika mashindano makubwa ya kisiwa cha Man, kilicho kati ya Uingereza na Ireland. Alipokwenda kuyatazama aliona kuwa injini za Wazungu zina nguvu mara tatu ya zake. Alirudi akafanya kazi miaka mitano, akaingia mashindanoni mwaka 1959, na mwaka 1961 pikipiki zake zikashinda katika daraja mbili. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1958, alitoa pikipiki ndogo iitwayo Super Cub, isiyo na klachi ya mkono, ili mchukuzi wa chakula aweze kuiendesha kwa mkono mmoja na kushika sinia kwa mwingine. Kufikia mwaka 2017 pikipiki za ukoo huo zilizotengenezwa zilikuwa zimefika milioni 100.

MZEE ALIYEKUBALI KUSHINDWA

Bwana Honda alikuwa na kasoro zake. Alikuwa mwepesi wa hasira, na fundi aliyefanya kazi ovyo aliweza kurushiwa spana. Tena alikuwa mbishi. Tangu mwaka 1963 kampuni ilikuwa ikiunda motokaa pia, naye alishikilia kuwa injini ya motokaa ipozwe kwa upepo kama ya pikipiki, wala si kwa maji. Wahandisi vijana, waliosoma vyuo vikuu, walimpinga. Mwaka 1968 dereva Jo Schlesser alikufa mashindanoni huko Rouen, Ufaransa, akiendesha motokaa ya Honda yenye injini ya kupozwa kwa upepo, na bado mzee hakubadili neno. Mwishowe Fujisawa alimtaka achague kama yeye ni mkuu wa kampuni au ni fundi. Honda alijibu kuwa yeye ni mkuu, akawaachia vijana wafuate elimu yao. Mwaka 1972 vijana hao walitangaza injini ya kupozwa kwa maji, ambayo ilikuwa ya kwanza kutimiza sheria mpya ya Marekani ya kupunguza moshi wa sumu.

Mwaka uliofuata, 1973, Honda na Fujisawa walistaafu pamoja. Hawakuwarithisha watoto wao kampuni, maana waliona kuwa si mali ya ukoo. Honda alisafiri nchi nzima kuwashika mkono na kuwashukuru wafanyakazi wake. Alikufa tarehe 5 Agosti, 1991, mwenye umri wa miaka 84.

MWISHO

Basi turudi kwenye ubishi wa mabwenini. Ni kweli kwamba Bwana Honda hakupata cheti cha chuo, na ni kweli kwamba mkono wake ulikuwa hodari. Lakini mkono huo ulifika mahali ukakwama, na kilichoukwamua ni neno moja la elimu ya madini, alilolifuata darasani akiwa mtu mzima. Uzeeni alikwama tena, na waliomkwamua ni vijana wa vitabu. Kwa upande mwingine, mwalimu aliyejua habari za silikoni hakuunda ringi hata moja. Tena tusisahau kuwa aliyekosa cheti tayari alikuwa na gereji yake. Sisi tutakaoondoka hapa mwezi wa Novemba, wengi wetu hatuna.

Liko jambo moja zaidi. Malungu ya Ufipa yalizimika katika karne iliyopita, kwa kuwa majembe ya viwandani kutoka ng'ambo yalikuwa rahisi kuliko yetu. Mzee Gihei naye aliona kazi ya uhunzi wa kijijini inapungua, akageukia baiskeli, na mwanawe akatoka katika baiskeli akaenda kwenye injini. Wazee wetu walijua kuchagua mawe yenye chuma na kuupima moto kwa macho, na hiyo ilikuwa elimu kubwa. Katika maabara yetu ya kemia tunasoma jinsi chuma kinavyotolewa katika mawe, na malungu yaliyofanya kazi hiyo hiyo yamesimama porini huku nyasi zinaota. Yafaa chama chetu cha sayansi kiende kuyapima na kuyachora, na kuwauliza wazee wangali hai. Kisha atakaye kufunga injini katika baiskeli na afunge.